Njia za mkato si msahafu

Mwandishi anayetuonya tusiguse njia za mkato za kibodi kwenye Linux ana hoja mbili, na zote hazisimami.

Kwanza, eti ukizibadili, mwenzako ofisini atashindwa kutumia kompyuta. Kwenye GNOME, mazingira ya eneokazi ya Linux, mabadiliko hayo hukaa ndani ya akaunti ya aliyeyafanya. Mwenzako akiingia kwa akaunti yake, atakuta mambo kama alivyoyaacha. Kama mnagawana akaunti moja, tatizo lenu ni usalama, si kibodi.

Pili, eti utavuruga vilivyopo. Fungua mipangilio ya kibodi, uchague amri, ubonyeze mchanganyiko ambao tayari una kazi: mfumo wenyewe utakutajia kazi hiyo kabla hujaibadilisha. Ukikoroga, kuna kitufe cha kurudisha vyote vya awali.

Tahadhari ninayoikubali ni hii: Ctrl+C iache, maana kwenye teminali ndiyo inayosimamisha programu. Kwa njia zako mpya, anza na kitufe cha Super, kile ambacho kwenye kibodi nyingi kina nembo ya Windows.

Aliyeamua Ctrl+Alt+T ifungue teminali kwenye Ubuntu ni binadamu kama wewe. Chaguo lake liheshimu. Kulitii si lazima.