Talaka ya karatasi ya daftari

Wiki hii utani kidogo tu, maana nyumbani kwetu kuna mgeni. Mgeni mwenyewe ni dada yangu, kaja na begi moja na mtoto wa miaka minne. Mkononi kashika karatasi ya daftari ambayo shemeji kaiandika mistari miwili: nimekuacha, usirudi.

Mama kalia weee. Mimi nikajifanya mjuaji: “Dada, si ndiyo basi? Umeshaachika.” Kumbe mwenzenu sijui kitu!

Jumatatu nikamsindikiza Mahakama ya Mwanzo. Karani akaisoma ile karatasi, kisha akauliza, “Hati ya baraza iko wapi?” Tukabaki tunatazamana kama kuku wageni.

Basi akatuelewesha, tena bila kutufokea. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui karatasi ya mume peke yake, hata kama mlifungishwa na shehe. Mwenye kuivunja ndoa kisheria ni mahakama. Na kabla ya kwenda huko mnapita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini yenu. Baraza linawaita wote wawili, linawasikiliza. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, na hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa mahakama. Wanaosamehewa ni wachache, kwa mfano yule ambaye mwenzie katoroka na hajulikani aliko. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unaomba kwanza ruhusa ya mahakama.

Huko hakimu anatazama kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ugoni, ukatili, au mtu kumtelekeza mwenzie kwa miaka mitatu au zaidi.

Kesho yake tukaenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure. Hapo dada akatoa swali lililomkaa rohoni: “Na ile nyumba je? Mimi sina kazi, nilikuwa mama wa nyumbani tu.”

Tu! Miaka sita ya kufua, kulea na kuwapikia mafundi waliojenga nyumba yenyewe!

Mama yule akacheka. Akasema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ila msishangilie haraka, kina dada. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona pesa alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitapanya. Jasho linahesabiwa, na ubadhirifu nao unahesabiwa.

Mtoto je? Aliye chini ya miaka saba sheria inachukulia kuwa ni heri akae na mama, isipokuwa kukiwa na sababu nzito. Roho ya dada ikatulia kidogo.

Alhamisi wanaitwa barazani. Jana usiku nikamkuta dada uani, hajalala. Akaniambia, “Mdogo wangu, pale wataniuliza kama bado namtaka. Sijui nitajibu nini.”

Ujuaji wangu wote ukaniishia. Nikavuta kigoda, nikakaa naye.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.