Mark X Ludewa: Majibu kwa Wanaosema Haiwezekani

Ludewa mtu akitangaza kwamba anataka kununua Mark X, hakosi washauri. Mwenye bodaboda atamshauri, mwenye Noah atamshauri, na hata asiyewahi kushika usukani atakuwa na la kusema kuhusu injini ya V6. Ushauri wenyewe karibu wote ni wa kukataza. Gari la Dar hilo, gari la wauza sura. Huku milimani nunua Land Cruiser au baki na pikipiki yako.

Nayajibu madai hayo kwa sababu mengi yamerithiwa tu kijiweni, hayajapimwa. Machache ni ya kweli, nami nitayakubali nitakapoyafikia. Nazungumzia hasa Toyota Mark X, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004 kurithi nafasi ya Mark II, ikaacha kuundwa Desemba 2019. Hiyo ndiyo saluni ya kifahari yenye mbio ambayo mkulima wa parachichi wa Njombe au mfanyabiashara wa mbao wa Makambako anaweza kuitamani bila kuchekwa. Mengi nitakayosema yanaihusu Crown Athlete pia, maana zinachangia injini.

"Barabara ya Ludewa haiwezi gari la chini." Barabara ipi? Makambako hadi Njombe ni lami, kama kilomita 60, na hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanzia Itoni, pale barabara ya kwenda Ludewa na Manda inapochepuka. Ina kilomita 211, na wengi wanaoitolea ushahidi wanaikumbuka ilivyokuwa zamani. Kipande cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kimejengwa kwa zege, si lami, kwa ajili ya milima, mvua, na malori mazito yanayotarajiwa kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Kwenye zege lile Mark X haina inachokiogopa.

Nje ya zege ndipo nakubaliana na wapinzani, tena bila kusita. Tumbo la Mark X liko kama sentimita 15 kutoka ardhini likiwa tupu. Pakia watu wanne na magunia mawili ya viazi kwenye buti, halafu ingia njia ya udongo mwekundu mwezi Machi: sampu ya oili itakuwa inasoma kila jiwe. Wapo wanaoweka spesa kwenye springi ili gari linyanyuke. Kidogo inasaidia, lakini ukizidisha, gari linayumba kwenye kona na bushi zinakwisha upesi. Na kwa anayeishi Lupingu, kule ambako milima ya Livingstone inateremka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi Ziwa Nyasa lililo karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, sina la kumtetea. Hilo si eneo la Mark X, masika wala kiangazi.

Dai la pili nalisikia zaidi kwa madereva kuliko kwa wanunuzi: inasukuma kwa matairi ya nyuma, kwa hiyo itakutupa korongoni. Anayesema hivi amesahau magari yaliyowalea wazazi wetu. Peugeot 404 na 504 zilisukuma nyuma. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano hayo yalipita kwenye matope ya Kenya, Uganda na Tanzania. 504 ikashinda 1975 na 1978. Joginder Singh, Mkenya aliyeitwa Flying Sikh, alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, saluni ndogo inayosukuma nyuma vilevile. Hata Toyota GX100 na Mark II Grande zilizojaa mikoani kama teksi zilikuwa hivyohivyo, wala hatukuzika abiria kila wiki.

Kinachotupa gari korongoni mara nyingi ni tairi. Magari mengi ya Japani hushuka bandarini yakiwa na tairi za theluji: mpira laini, vipande vidogovidogo vyenye mikatomikato. Mnunuzi huziona zimejaa, akafurahi kwamba amepona gharama. Kwenye lami iliyolowa ya Njombe, asubuhi ya ukungu, tairi ile haishiki kama inavyoonekana. Angalia pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Na anayehofia sana kusukuma nyuma atafute Mark X Four, inayosukuma kwa matairi yote manne. Ipo, ingawa inakunywa zaidi.

Sasa nije kwenye dai ninaloliona dhaifu kuliko yote, kwamba "CC 2,500 za nini huku kijijini, chukua IST." IST ni gari zuri na sina ugomvi nalo. Lakini wanaosema hivi hawakumbuki wanaishi wapi. Njombe mjini iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kwa urefu huo inapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. IST ya 1.3 yenye nguvu za farasi 87 inabaki na kama 72. Mark X ya 2.5 ya kizazi cha pili, yenye 203, inabaki na kama 168. Ni kweli Mark X ina uzito wa tani moja na nusu na IST ni kama tani moja, lakini ukigawanya bado kila tani ya Mark X ina farasi wengi zaidi wa kuivuta.

Tofauti hiyo inaonekana mlimani, nyuma ya Fuso la mbao. Mwenye IST iliyojaa watu watano anakanyaga hadi mwisho, injini inalia, na anabaki upande wa kulia wa barabara muda mrefu akimwomba Mungu kona isilete basi. Mwenye V6 anapita na kurudi upande wake mapema. Injini kubwa kwenye nyanda za juu ni usalama kabla haijawa anasa. Dar es Salaam, kwenye tambarare na foleni, ndiko ambako silinda sita ni majivuno matupu, na sielewi kwa nini gari hili linaitwa la Dar.

Mafuta? Inakula, nani amekataa. Tupige hesabu badala ya kutishana. Itoni hadi Manda, kilomita 211. Tuipe Mark X kilomita 8 kwa lita, ambayo ni adhabu, kwa sababu kwenye safari ndefu dereva mtulivu hupata zaidi. Itatumia lita 26 na kidogo. IST tuipe kilomita 14, itatumia 15. Tofauti ni lita 11. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe rahisi, ni kama 34,000 kwa safari nzima. Bei kamili ya Ludewa utaiona kwenye jedwali la EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, linalotolewa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kawaida mikoa iliyo mbali na bandari huumia zaidi kwa gharama ya kusafirisha. Ukisafiri mara mbili kwa mwezi, 34,000 kwa kila safari ni bei ya kustarehe. Ukisafiri kila siku kwa biashara, nunua IST na usimsikilize mtu, mimi nikiwemo.

Kuna waongezao kwamba inataka petroli maalumu. Kizazi cha kwanza cha 2.5 kilipangwa Japani kutumia petroli ya daraja la juu. Cha pili, kilichotoka 2009, kilirekebishwa kitumie ya kawaida, na ndiyo maana nguvu zilishuka kutoka farasi 215 hadi 203. Dai hilo limepitwa na wakati.

Tukifika kwenye D4, mfumo wa mafuta wa injini ya Mark X, mafundi hutingisha vichwa. "Injini ya D4 haitengenezeki, ikifa imekufa." Hapa inabidi nikae kidogo, maana hofu hii ina chanzo. Kwenye injini ya D4 petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, badala ya kupitia njia ya hewa. Faida yake ni nguvu na unafuu wa mafuta. Hasara ni mbili. Kwanza, pampu na nozeli hazivumilii uchafu. Pili, kwenye injini ya kawaida petroli huosha vali za kuingizia hewa kila inapopita, lakini kwenye D4 haipiti hapo, hivyo masizi hujijenga. Si maneno ya Tanzania tu: Lexus IS250, yenye injini hiyohiyo ya 4GR-FSE, ililalamikiwa Marekani kwa sababu hiyohiyo.

Hata hivyo, "inahitaji uangalizi" na "haitengenezeki" ni mambo mawili. Usijaze mafuta ya kwenye dumu au chupa kando ya njia. Jaza sheli ya Makambako au Njombe kabla ya kuteremka. Mafuta huwekwa vinasaba tangu 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini vinasaba havisafishi dumu lililokuwa na mafuta ya taa. Oili iwe nyepesi kama kiwanda kilivyotaka, 5W-30. Yupo fundi atakayekuwekea oili nzito namba 40 akisema gari limechoka linataka kitu kizito. Julai Njombe, asubuhi ya barafu kwenye majani, oili hiyo inachelewa kupanda juu ya injini, na kila ukiwasha unasaga chuma kwa chuma. Pima kijiti cha oili kila wiki, kwa sababu baadhi ya injini hizi hunywa oili kimyakimya. Masizi yakizidi, fundi anayejua atafungua na kusafisha vali. Injini nyingi za D4 zilizokufa huku ziliuawa na dumu na namba 40.

Spea sizungumzii sana. Injini moja na Crown maana yake Kariakoo na Gerezani zimejaa, na mzigo ukiwekwa kwenye basi jioni unaupokea Makambako kesho yake. Tabu ni spea feki, na hiyo ni ya magari yote.

"Ushuru wa CC kubwa utakumaliza." Nusu ya ukweli. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya CC 2,000 ni asilimia 10, na la CC 1,001 hadi 2,000 ni 5. Tofauti ni tano tu. Kinachouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa kuwa uundaji uliishia 2019, baada ya 2029 hakutakuwa na Mark X yoyote itakayoikwepa asilimia 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma senti Japani. Ukinunua la mkononi, namba D au E, ushuru umeshalipwa, ila uwe na macho: taa ya onyo ya mifuko ya hewa inatakiwa iwake ukifungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameiua taa badala ya kutibu ugonjwa.

Limebaki dai zito, kwamba Mark X ni gari la ajali. Wanaolisema wana makaburi ya kuonyesha, na sitabishana na wafiwa. Nitabishana na wale wanaojisifu upande wa pili, vijana wanaodai gari limeandikwa 180 kwenye dashibodi kwa hiyo limeumbwa kwa 180. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hupita mita 28 kila sekunde. Kati ya Makambako na Njombe kuna vijiji, wanafunzi wanaovuka, pikipiki zisizo na taa, malori ya magogo na ukungu unaokula barabara nzima. Kibao cha 50 kijijini hakikuwekwa ili askari wa tochi apate kazi. Mteremkoni tumia gia ya kushusha kwa mkono, breki zipumzike. Gari hili linampa dereva uwezo mkubwa kuliko barabara inavyoruhusu, na asiyeweza kuishi na uwezo asioutumia asilinunue. Hapo dereva ndiye wa kukaguliwa, si gari.

Kuhusu wanaosema ukifika kijijini na Mark X michango ya harusi itaongezeka: ni kweli. Itaongezeka.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama maisha yako yako kati ya Makambako, Njombe na Mawengi, na una fedha ya matunzo baada ya kulipa bei ya gari, nunua ya 2.5 ya kizazi cha pili, na uifunge tairi nne mpya kabla ya safari ya Krismasi. Kama nyumba yako iko upande wa ziwa, au unalazimika kusafiri njia za udongo Machi na Aprili, usinunue.