Ng'ombe Anayepiga Teke Anasema Kitu: Mwite Daktari Kabla ya Kuchukua Kamba

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi dada mmoja wa Akeri, mfugaji kijana anayeuza maziwa, alinipigia simu asubuhi. "Mtaalamu, huyu ng'ombe wangu amekuwa mjeuri. Kila nikikamua ananipiga teke, jana kamwaga ndoo nzima." Ng'ombe mwenyewe ni chotara wa Friesian, uzao wa kwanza, alikuwa na miezi miwili tangu azae. Mimi nilikuwa nawahi kikao, nikamjibu haraka haraka: "Uzao wa kwanza ndivyo ulivyo. Mfunge miguu ya nyuma, atazoea."

Akamfunga. Hakuzoea. Siku ya nne maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 13 hadi 8, ndipo akamwita daktari wa mifugo. Nami nilifika siku hiyo. Dokta hakutoa sindano kwanza. Alisimama pembeni ya banda akamwangalia ng'ombe, kisha akauliza: alianza lini? Anapiga kwa mguu upi? Anapiga mkono ukigusa chuchu ipi? Akapapasa kiwele. Upande wa nyuma kulia ulikuwa wa moto na mgumu, na maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi yalitoka na mabonge. Ugonjwa wa kiwele. Alitibiwa akapona, lakini chuchu ile ilikufa. Mpaka leo anakamuliwa chuchu tatu.

Tusidanganyane, kosa lilikuwa langu. Ng'ombe alikuwa anasema tangu siku ya kwanza, sisi tukamfunga kamba.

Msimamo wangu

Tabia ya mnyama ikibadilika ghafla, hiyo ni dalili ya ugonjwa mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Usianze na fimbo, usianze na kamba, na usimpeleke mnadani kwa hasira. Kwanza apimwe.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Meru tuna nafasi nzuri ya kuliona hili. Maeneo ni madogo, wengi tunafuga ndani, tunawaletea majani na migomba bandani. Unaonana na ng'ombe wako asubuhi, mchana na jioni. Unajua anavyosimama, anavyolala, anavyokuita ukichelewa kuleta chakula. Hakuna daktari anayemjua kuliko wewe. Ila ujuzi huo tunautupa kwa neno moja tu: "jeuri", "mvivu", "kichaa".

Angalia mifano hii.

Ng'ombe aliyezaa jana anayumba, kisha analala na kugeuzia kichwa ubavuni. Wengine wanasema amechoka. Inaweza kuwa homa ya maziwa, yaani kalisiamu imeshuka kwenye damu. Hapo ni suala la saa, siyo siku. Akiwahiwa na daktari anaweza kusimama siku hiyo hiyo, ukisubiri, anakufa.

Ng'ombe anayekula udongo, mifupa au kamba. Siyo mlafi. Mara nyingi anatafuta madini ambayo lishe yako haina, hasa fosforasi. Na mifupa ya mizoga inaweza kumpa sumu ya kumuua.

Kuku wanaodonoana mpaka damu. Kabla ya kuwakata midomo, angalia msongamano, mwanga mkali, utitiri, na kama chakula kimepungukiwa protini au chumvi.

Ng'ombe anayelia usiku kucha na kupanda wenzake. Huyu haumwi, yuko kwenye joto. Nimeona kijana akimchapa ili anyamaze. Kumbe alikuwa anachapa ndama wake wa mwaka kesho! Ukimwona kwenye joto asubuhi, mpigie mhimilishaji ili apandishwe jioni. Ukikosa, unasubiri tena siku 21 hivi. Na sisi Arusha hatuna kisingizio, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo hapa hapa Usa River.

Tabia ambayo haina mzaha

Mbwa wako wa bandani alikuwa mpole, leo anang'ata hovyo. Au alikuwa mkali, leo amepooza, mdomo wazi, mate yanatoka. Fikiria kichaa cha mbwa. Hata ng'ombe akishang'atwa na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuupata: analia kwa sauti ya ajabu, anatokwa mate, anaonekana kama amekabwa na kitu kooni. Tafadhali, usiingize mkono mdomoni kutafuta kiazi! Jitenge naye, zuia watoto, piga simu kwa daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kuingiwa mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo ya mbwa ni kila mwaka, usiruke.

"Lakini Mtaalamu, daktari ni gharama"

Nalisikia hili kila wiki. Mfugaji anapiga simu, swali la kwanza: "Dokta, sindano shilingi ngapi?" Tumezoea kulipia dawa, kulipia kichwa cha daktari hatutaki. Kwa hiyo tunakimbilia duka la pembejeo, tunanunua antibiotiki kwa kukisia, tunachoma nusu dozi, halafu maziwa yanaenda kwa mteja siku hiyo hiyo yakiwa na dawa ndani. Huko siyo kubana matumizi. Unazoesha vijidudu dawa, na unamlisha mtoto wa mtu dawa asiyoihitaji.

Piga hesabu mwenyewe. Yule dada alipoteza lita 5 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 150. Zidisha kwa bei unayouzia wewe, halafu linganisha na gharama ya daktari kufika mara moja.

Nakubali, siyo kila teke ni ugonjwa. Ng'ombe aliyechapwa anakumbuka. Akiogopa, homoni ya kushusha maziwa inazuiwa, kwa hiyo unakamua kiwele kilichojaa na hupati kitu. Huyo anahitaji mkamuaji mmoja, saa zile zile, mkono wa taratibu, bila kelele. Lakini huwezi kumfundisha utulivu mnyama mwenye maumivu. Maumivu yaondolewe kwanza, mafunzo baadaye.

Fanya hivi

Weka daftari bandani: lita za asubuhi na jioni, amekula au amebakiza, amelala vipi, ametenda nini kisicho cha kawaida na saa ngapi. Chukua video fupi kwa simu, maana daktari akifika mnyama anaweza kujifanya mzima. Muulize anayekuja kutibu kama amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka hivyo, na wa kweli hatakasirika. Muulize pia maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi baada ya dawa. Na kumbuka kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008: kumtesa mnyama ni kosa, hata kama ni wa kwako.

Mimi nina stashahada, siyo daktari wa mifugo. Siku hizi mfugaji akiniambia "ng'ombe wangu amekuwa mjeuri", simpi jibu la kwenye pikipiki. Namuuliza maswali matatu ya yule dokta, kisha namwambia ampigie daktari. Chuchu moja ya Akeri imenifundisha.