Watetezi wa Walemavu Nao Wajitazame

Mganga hajigangi, walisema wazee wetu, na yaelekea walikuwa wakimwonea mganga huruma. Sisi leo hatumwonei.

Bwana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye haoni tangu utotoni, alitusimulia kisa kilichompata. Aliarifiwa kwamba jumuiya moja ya kutetea haki za walemavu ilikuwa ikipokea maombi ya msaada wa karo, na kwamba fomu imo katika tovuti yake. Bwana huyu hutumia kompyuta kila siku. Anayo programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, naye huiendesha kwa kubonyeza kibodi tu. Akafungua tovuti. Sauti ikamwambia: "Picha. Picha. Kiungo. Picha." Fomu yenyewe ilikuwa karatasi iliyopigwa picha, na programu haikupata humo hata herufi moja ya kusoma. Ikambidi amngoje mpwa wake arudi kazini amsomee swali baada ya swali, likiwemo la pato lake la mwezi. Hilo hakupenda mpwa wake alijue. Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa thamani ya sitara ya mtu mzima.

Jumuiya hiyo hatuitaji, maana haiko peke yake. Taasisi ya WebAIM ya Utah, Marekani, hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2019 ilikuta makosa yanayowazuia walemavu katika asilimia 97.8 ya kurasa hizo. Mwaka 2025 ilikuta asilimia 94.8. Na masharti ya kutengeneza tovuti zinazofaa watu wote yamekuwako tangu 1999! Mwenye duka la viatu aweza kusema hakuyajua. Anayeitisha semina juu ya haki ya walemavu kupata habari atasema nini?

Makosa yenyewe si makubwa. Picha haikuandikiwa maneno mafupi ya kuieleza. Maandishi ni ya kijivu juu ya nyeupe, hata mwenye macho dhaifu hayaoni. Filamu ya mkutano haina maandishi chini yake, na kiziwi hubaki kutazama midomo ikichezacheza.

Liko kosa moja linalotuuma zaidi sisi wapenzi wa Kiswahili. Ndani ya kila ukurasa hutakiwa kutajwa lugha yake, neno moja tu, msomaji halioni, ili programu ijue itamke vipi. Lisipotajwa, ukurasa wa Kiswahili waweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Irabu zetu huvurugwa, "haki" haisikiki kuwa haki, na msikilizaji huchoka kabla ya aya ya pili. Sauti ya Kiswahili imo katika programu hizi. Kinachokosekana ni mtu wa kuiamsha.

Kwa nini basi watetezi wanashindwa? Twaona sababu ni kwamba tovuti nyingi za namna hii hutengenezwa kwa macho ya mfadhili. Yeye ndiye anayetarajiwa kuzifungua, aone watoto wanaotabasamu juu ya viti vya magurudumu na wakubwa wakikata utepe. Mlemavu ni wa kuonyeshwa. Hakuna aliyewaza kwamba huenda naye akaja kusoma.

Twaambiwa fedha hazipo, na mara nyingi ni kweli. Fundi huajiriwa kwa mkataba wa mwezi mmoja, akaondoka, asipatikane tena. Lakini kuieleza picha kwa maneno kumi hakuna gharama. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, hutolewa bure. Karani yeyote aweza kuiweka, kuzima skrini, na kuisikiliza tovuti ya ofisi yake kwa robo saa. Tena wasikimbilie wauzaji wa dawa ya haraka. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliiamuru kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba programu yake yaweza kuifanya tovuti yoyote itimize masharti.

Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za walemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, chaitaja intaneti waziwazi. Watetezi wetu wamekisoma. Hukinukuu wanapoilaumu serikali, na hufanya vyema.

Bwana wetu wa Mji wa Kale aliiandikia jumuiya ile, akaomba fomu ichapwe kwa maandishi ya kawaida. Walimjibu kwa upole, wakamshukuru, wakamwalika kwenye semina yao ijayo. Mwaliko wenyewe ulikuwa bango lililopigwa picha.