Daraja la Prague na Magogo ya Mwaka 1890

Juma hili tuache kwa muda habari za mashamba na ofisi, twende pamoja hadi mji wa Prague, mji mkuu wa nchi ya Cheki, katikati ya Ulaya. Huko liko daraja la mawe liitwalo Daraja la Charles, na watu husafiri kutoka pande zote za dunia ili kulitazama. Nami nililitembelea wakati wa likizo yangu, nikajifunza pale mambo yanayomfaa hata mtu ambaye daraja lake ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya kijito.

Daraja hilo lavuka mto Vltava. Urefu wake ni karibu meta 516, upana wake karibu meta 10, nalo lasimama juu ya matao 16. Lina minara kwenye ncha zake mbili, na juu ya kuta zake za pembeni zimepangwa sanamu 30, nyingi zikiwa za watakatifu wa Kanisa, zilizowekwa hasa kati ya mwaka 1683 na 1714. Mtu aingiaye mapema kutoka upande wa Mji Mkongwe huiona ngome ya wafalme juu ya kilima mbele yake, na zile sanamu zimejipanga kulia na kushoto kama askari wa gwaride. Baadaye, jua likiisha kupanda, pale juu hujaa wageni, wachoraji na wapiga muziki, hata mtu hupita kwa kusukumana.

Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1357 kwa amri ya Mfalme Charles IV. Wenyeji husimulia kwamba wanajimu walimchagulia mfalme saa ya heri: tarehe 9 ya mwezi wa 7, saa 5 na dakika 31 alfajiri, kwa hesabu ya Kizungu. Ukiandika mwaka, tarehe, mwezi, saa na dakika kwa mfuatano, utapata 1, 3, 5, 7, 9, 7, 5, 3, 1. Yaani hesabu inayopanda kisha ikashuka kama tao. Husimulia tena kwamba mayai yalichanganywa na chokaa ili mawe yashikane vizuri, na miji ya nchi nzima ikaagizwa kuyapeleka. Watu wa mji wa Velvary, kwa kuogopa yasivunjike njiani, waliyachemsha kwanza! Hiyo ni hadithi tu, lakini karani yeyote aliyewahi kutekeleza amri bila kuelezwa maana yake atawahurumia watu wa Velvary.

Sababu ya kujengwa kwa daraja, hata hivyo, si hadithi. Kabla yake palikuwapo daraja jingine la mawe, lililojengwa katika karne ya 12 na kuitwa kwa jina la Malkia Judith. Mwaka 1342 mafuriko yaliyochukua mapande makubwa ya barafu yalilibomoa. Ndipo kazi mpya ikaanzishwa, ikaendelea hata mwanzoni mwa karne ya 15. Charles mwenyewe alifariki mwaka 1378, kabla haijakwisha.

Katika sanamu zote, ile inayokusanya watu wengi zaidi ni ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyeuawa kwa amri ya mfalme na kutupwa katika mto huo huo mwaka 1393. Chini ya miguu yake pana mabamba ya shaba, na kila mpita njia huyagusa kwa kutaka baraka. Shaba yote imekuwa nyeusi kwa uzee, ila pale mikono inapogusa pang'aa kama dhahabu. Bandu bandu huisha gogo, na hata shaba huliwa na vidole.

Lakini mimi nilikaa zaidi mbele ya sanamu ya Mtakatifu Francis Xavier, ambaye mwaka 1542, akiwa safarini kwenda Goa, alitia nanga Malindi katika pwani yetu. Amesimama juu akiinua msalaba, na chini yake wako watu wa mataifa mengine waliombeba kwa mabega yao. Sanamu hiyo si ile ya kwanza iliyochongwa mwaka 1711. Ile ya kwanza ilitumbukia mtoni.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Septemba mwaka 1890 mvua kubwa zilinyesha, mto ukafurika. Maji yakachukua magogo na mbao nyingi kutoka sehemu za juu za mto, yakazileta mpaka darajani. Zikakwama mbele ya nguzo, moja juu ya nyingine, hata matao yakazibika. Maji yaliyokosa njia yakaanza kuchimba misingi. Tarehe 4 matao 3 yakaanguka, pamoja na sanamu ya Xavier na ya Mtakatifu Ignatius wa Loyola iliyoielekea. Daraja lililokuwa limesimama kwa karne nyingi likakatika, na matengenezo yakachukua muda hata mwaka 1892.

Tazameni, ndugu zangu: daraja halikuangushwa na uzee, wala na uzito wa wapitao. Liliangushwa na takataka zilizoziba njia ya maji.

Watu wa Prague hawakulisahau jambo hilo. Ukichungulia mtoni, upande maji yanapotokea, utaona ngao za miti mikubwa mbele ya nguzo, kazi yake kupasua barafu na kuzuia magogo. Wageni wengi hawazitazami, maana macho yao yako juu kwenye watakatifu. Magari nayo yalikatazwa kupita. Sanamu nyingi za jiwe la mchanga, zilizoliwa na mvua na moshi, zimehifadhiwa ndani ya nyumba, na nakala zake ndizo zinazosimama nje. Mafuriko makubwa yalipokuja mwaka 2002, mitambo ililetwa kuopoa takataka zilizokwama kwenye nguzo, na daraja likasalimika.

Basi, yeyote kati yenu mwenye daraja karibu na shamba lake, hata likiwa dogo namna gani, asiridhike kulivuka tu. Kabla ya mvua za masika na achukue panga na jirani zake wawili, wateremke chini, watoe matawi na taka zilizokwama kwenye nguzo, watazame kama udongo wa kingo umeliwa. Wakiona ufa, wampelekee habari mkubwa wa mahali pale kwa maandishi yenye tarehe. Kazi hiyo ni ya nusu siku, wala haingoji fedha kutoka popote.