Barua kwa Makunduchi kuhusu mgeni wa Shiraz

Leipzig, Ujerumani

Wazee wangu, ndugu na majirani wa Makunduchi, na Unguja kwa jumla,

Nimeona niandike barua moja ya wazi kwa wote, maana tangu niitume ile picha ya sinia la wali kila anayepiga simu ananiuliza jambo moja: huyo Muajemi kwenye picha ni nani?

Ni mwanafunzi. Anasomea kemia, kazaliwa Shiraz, na tunachangia jiko. Jina lake nalihifadhi, kwani hakuniomba nimtangaze.

Huku vyuoni kila mwaka hufanywa siku ya mataifa. Kila mgeni hupewa meza, anatundika bendera, anakaanga kitu, watu wanapita wanaonja na kupiga picha, jioni meza zinakunjwa. Nimekwenda, nimesimama na sambusa zangu, na sikumbuki hata mmoja aliyeuliza swali la pili. Yote ninayoyajua leo kuhusu Iran nimeyapata jikoni, usiku, mtu akiosha vyombo na mwenzake akifuta.

Basi nianze na wali, kwa kuwa ndio uliozua maneno. Mchele anauroweka kwa maji ya chumvi, anauchemsha kwa maji mengi kama anapika tambi, kisha anauchuja ungali na kiini. Chini ya sufuria anamimina mafuta, anapanga slesi za mbatata, anarudisha wali juu yake, anafunika kwa mfuniko aliouvisha kitambaa ili mvuke usidondoke. Moto mdogo, karibu saa nzima. Halafu anapindua sufuria lote juu ya sinia, na ule ukoko unakaa juu, mwekundu wa dhahabu, unalia ukiukata. Kwao unaitwa tahdig, na mgeni ndiye anayetangulizwa. Nilimwambia kwetu ukoko ni ugomvi wa watoto na sufuria. Akasema kwao pia wanaugombania, ila wanaugombania mezani, watu wazima, mbele ya wageni.

Jambo la pili ni adabu yao ya taarof. Unateremka kwenye teksi, unauliza nauli, dereva anakwambia si kitu, acha tu. Ole wako uondoke! Unatakiwa ushikilie, akatae, ushikilie tena, ndipo ataje bei, na huenda ikawa ya juu. Hili halikunishangaza sana. Sisi tunamwambia kila anayepita mlangoni karibu chakula, naye anajua aseme ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linamuunguruma. Wajerumani ndio wanaotuona sote wawili vituko.

Lakini usiku tuliokesha ni ule nilipomwambia kwamba kwetu kuna Washirazi. Alidhani namtania. Nikamweleza Chama cha Afro-Shirazi cha 1957, kilivyoungana na TANU mwaka 1977 ikazaliwa CCM. Nikamweleza msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Nikamtajia na hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mtu kasoma Shiraz tangu chekechea, kapelekwa na shule kwenye makaburi ya washairi Hafez na Saadi mara zisizo na idadi, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna watu ng'ambo ya bahari wanaojiita kwa jina la mji wake.

Kisha akauliza swali ambalo madarasani kwetu halikuulizwa. Shiraz haina bahari; iko ndani, milimani. Aliyekuja kwenu na jahazi alipandia wapi? Yeye mwenyewe akanitajia Siraf, bandari ya kale kwenye Ghuba, iliyokuwa ikifanya biashara na pwani yetu. Nami nikamwambia wanachosema wanahistoria wengi siku hizi, kwamba waliovuka walikuwa wachache, na kwamba kujiita Mshirazi kulikuwa pia kujipa heshima mbele ya watu. Hakuudhika. Alisema hata kwao kila ukoo una babu aliyetoka mahali pakubwa.

Mwezi Machi nikaona meza yao ya Nairuzi, mwaka mpya wao. Vitu saba vinavyoanza na herufi sini katika Kiajemi: tufaha, thomu, siki, ngano iliyooteshwa kwenye sahani na vinginevyo, pamoja na kioo na mishumaa. Mwaka wao hauingii saa sita ya usiku. Unaingia pale jua linapovuka ikweta, popote saa itakapoangukia. Mwaka 2025 ilikuwa saa nne na dakika moja asubuhi kwa saa za Ujerumani, tarehe 20 Machi, na kwao ukaingia mwaka 1404. Mama yake alikuwa kwenye simu, amekaa mbele ya meza kama hiyo hiyo kule Shiraz. Chakula cha sikukuu ni wali wa majani na samaki. Siku chache kabla huwasha moto na kuuruka. Na siku ya 13 hakai mtu ndani, wote hutoka nje kwenye miti na maji.

Nikamwonyesha video za Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya hapo Makunduchi: wanaume wakichapana kwa mapande ya migomba, kina mama wakiimba, kibanda cha makuti kikiteketea. Moto akautambua mara moja. Kilichomtatiza ni Julai. Ikiwa sikukuu ni moja, mbona yenu iko miezi minne mbele?

Jibu ni hesabu tu. Mwaka wetu wa pwani ni siku 365 kamili, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, hesabu ya wavuvi, mabaharia na wakulima. Hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Waajemi nao walihesabu hivyo hivyo, mpaka mwaka 1079, enzi ya Sultan Malik Shah, wanafalaki wake, Omar Khayyam akiwa mmojawapo, walipoufunga mwaka kwenye majira ya jua. Wetu haukufungwa na mtu. Ukarudi nyuma taratibu, ukaipita kaskazi, ukaipita vuli, mpaka kipupwe. Kwa maoni yangu sisi ndio tuliobaki na hesabu ya kale zaidi, na sioni haya kumwambia hivyo.

Tahadhari moja. Huyu ni mtu mmoja wa mji mmoja. Nilipomuuliza mambo ya Tabriz alinikatiza: kule wanazungumza Kituruki, waulize wenyewe. Siasa simchokonoi, akitaka husema.

Sasa nawaomba. Ameniandikia maswali nami nayaleta kwenu. Nani anayehesabu miongo Makunduchi siku hizi, na alifundishwa na nani? Anayeingia kwenye kile kibanda kinachochomwa huchaguliwaje? Kina mama wanaimba nini hasa, na nyimbo zipi haziimbwi tena? Wakalisheni wazee, wasalimieni, rekodini kwa simu, kisha nitumieni sauti. Julai ijayo akijaaliwa anataka kuja, na mnajua wenyewe kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina furaha. Mwenye chumba aniambie mapema, tiketi za Julai hupanda bei.

Ndugu yenu wa Leipzig