Mhasibu wa wezi si mjanja wetu

Vijana wenzangu wa Kahendero, Kasese na Bwera, leo niseme wazi hata kama wengine mtakasirika.

Kwenye vibanda vya video tunampenda sana yule mhasibu wa mafia. Hashiki bunduki, anashika kalamu tu. Anaanza maskini, anapanda mpaka nyumba kubwa, mwisho anaanguka, na watu wanamhurumia: "Eh, huyu ana akili!" Mimi nakataa.

Kwani Uganda mtu wa namna hiyo tunamjua. Geoffrey Kazinda alikuwa mhasibu mkuu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ile OPM ambayo kila mkimbizi anaijua. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu alionyesha jinsi mabilioni ya shilingi ya kuinua kaskazini baada ya vita yalivyopotea. Ireland, Norway, Denmark na Sweden zikasimamisha misaada. Juni 2013 mahakama ikampa Kazinda miaka 5, na kati ya makosa yake ni kughushi. Mwaka 2020 akahukumiwa tena, miaka 15, kwa kujitajirisha isivyo halali.

Sasa niambieni, hapo nani aliumia? Ireland ilirudishiwa yuro zake milioni 4. Yule mama wa Acholi aliyekuwa anangojea zahanati au kisima, yeye nani alimrudishia?

Na msidhani hayo ni ya kaskazini tu. Mwaka 2018 maafisa wa ofisi hiyohiyo walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi. Watu wakahesabiwa upya kwa vidole na macho, idadi ikashuka kutoka karibu milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Karatasi ikidanganya ofisini, anayepanga foleni juani kuthibitisha kwamba yupo ni mkimbizi.

Wengine mtasema: mhasibu ni mdogo tu, anatumwa. Sawa, lakini bila kalamu yake bosi angeficha wapi? Al Capone aliogopwa Chicago nzima, na bado mwaka 1931 alifungwa kwa kukwepa kodi. Madaftari ya hesabu ndiyo yalimsema. Daftari linaficha mwizi pale ambapo wenye pesa hawaruhusiwi kulisoma.

Wamama wa vikundi vya akiba wanalijua hilo. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Wengi wao hawakumaliza shule, lakini kumzungusha mmoja wao ni kazi ngumu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima zote: mkileta mradi huku, bandikeni bajeti ukutani, kwa Kiswahili na Lukonzo. Vitu gani, vingapi, bei gani, nani amesaini. Msituambie hatutaelewa. Muuza samaki anayekumbuka deni la kila mteja ataelewa bei ya mabati.

Na sisi vijana tusome uhasibu, tuingie kwenye kamati, tuulize risiti bila woga. Ukiletewa karatasi tupu, ukaambiwa "saini kwanza, tutajaza baadaye," rudisha kalamu. Huyo anatafuta mhasibu wake. Asimpate kwetu.